Tovuti yangu inampa kila mwanafunzi maswali yake. Nitathibitishaje kwamba inasaidia? Utetezi ni Alhamisi

Mwewe_wa_Moro (mleta uzi)
Habari za usiku wakuu. Nipo mwaka wa pili wa masta, chuo sitakitaja. Nimetengeneza tovuti ya mazoezi ya Hisabati kwa kidato cha pili. Mtoto akiingia anakuta maswali 10. Akifanya vizuri, kesho anakuta magumu kidogo. Akikwama kwenye hesabu za sehemu (nusu, robo na kadhalika), kesho anakuta sehemu tena, na maelezo juu. Kwa kifupi hakuna watoto wawili wanaoona tovuti moja.

Wanafunzi 38, wiki 6, alama zimepanda. Nikampelekea msimamizi sura ya nne nikijua nimemaliza. Kairudisha na wino mwekundu pembeni: "Ukilinganisha na nini?" Basi. Tangu juzi usingizi hauji. Utetezi wa tasnifu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Naomba kipimo cha haraka. Nilikuwa nafikiria dodoso.

Shemeji_wa_Kitaa
Ngoja nivute kiti, wataalamu wanakuja.

Mzee_wa_Steshenari
Kijana, hivi vitu vya kujibadilisha vilinitesa wewe ukiwa chekechea. Nilikuwa na steshenari, nachapa barua kwa Office 2000. Microsoft wakaleta menyu zinazoficha vitu usivyovigusa mara kwa mara. Mteja kasimama na barua yake ya kuomba kazi, nyuma yake foleni, mimi natafuta kitu nilichokiona jana pale pale, leo hakipo! Mpaka ubonyeze kale kamshale chini ndipo menyu itanuke. Mteja anakutazama kama kanjanja. Mwaka 2007 wakaja na utepe ule wa juu, wakaachana na ujinga huo. Ushauri wangu: wape watoto wote maswali yaleyale. Sisi tulisoma hivyo.

Mama_Pacha
Mimi nauliza kitu kingine. Hao watoto simu wanazipata wapi, na wazazi wao wanajua? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Watu wanakimbilia alama tu.

Mwewe_wa_Moro
Mama, fomu za wazazi zote 38 zimesainiwa, ninazo kwenye bahasha. Wanatumia simu za nyumbani jioni. Mzee, shikamoo, nimekusikia.

Turudi kwenye dodoso. Kuna lile la John Brooke la mwaka 1986, sentensi 10, unapata alama hadi 100. Watu wengi wanalitumia na wanapita. Nikilisambaza Jumamosi, Jumatatu nina majibu.

Dada_Takwimu
Pole kwa usingizi. Lile dodoso litakuambia kama tovuti ni rahisi kutumia. Kama kujibadilisha kwenyewe kuna faida, halina habari. Mtoto atalinganishaje wakati ameona ya kwake tu? Na hapo ndipo tovuti za aina hii zinapowashinda watu. Kwa tovuti ya kawaida, Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua kama 85% ya kasoro. Hesabu hiyo inakubali kwa sababu wote wanapita njia moja. Kwako, watoto 5 wamepita njia 5.

Halafu hizo alama. Kwa wiki 6 watoto walikuwa wanaenda shule, wana mwalimu, wengine wana tyusheni. Utajuaje kilichowapandisha ni wewe? Ulihitaji kundi linganishi, tena usiliunde kwa kuzima tu kujibadilisha, maana hapo utakuwa umemfunga jogoo mmoja miguu ndipo ukawapiganisha. Kuna njia ya haki zaidi: chukua watoto wawili kwa kura. Asha anapangiwa maswali kwa majibu yake. Juma anapewa mfuatano uleule aliopangiwa Asha, siku kwa siku. Wote maswali yanabadilika, ila Juma amevaa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwenzake. Wakipanda sawasawa, basi kule kupima kwako ni urembo.

Ila wiki moja haitoshi kwa hilo. Unachoweza kufanya sasa ni kupima kwa tabaka. Peter Brusilovsky na wenzake, watafiti wa mifumo inayojibadilisha, walilisema tangu 2001: usipime mfumo mzima kwa mpigo mmoja. Uliza kwanza, je, ulimsoma mtoto sawasawa? Kisha, kwa usomaji huo, uamuzi ulikuwa sahihi? Ukichanganya, mfumo ukifeli hutajua pa kurekebisha. Kwa hiyo weka hapa kanuni yako. Mtoto anapanda akipata ngapi?

Mwewe_wa_Moro
Nashukuru sana dada, umenifungua macho. Kanuni ipo, ila ni ndefu kidogo na inaangalia mambo mengi kwa pamoja. Kwenye slaidi nimeiandika "mfumo wa akili mnemba". Naona nibaki na dodoso, kisha hilo la Asha na Juma niliweke kwenye mapendekezo ya utafiti ujao.

Bodaboda_Msomi
Mkuu usihangaike, hata wakubwa hawajui kupima. Netflix mwaka 2006 walitangaza dola milioni 1 kwa atakayeboresha ubashiri wao wa alama za filamu kwa 10%. Watu wamekesha miaka mitatu, 2009 mshindi akapatikana. Mkusanyiko ule wa programu ulioshinda hawakuutumia hata! Waliona kazi ya kuuingiza ni kubwa kuliko faida, na biashara yenyewe ilishahama kutoka DVD za posta kwenda kutazama mtandaoni. Kubashiri sawa ni kitu kimoja, mteja kufaidika ni kingine. Mimi mwenyewe ile programu ya abiria inanibashiria niko stendi, na niko stendi kweli, abiria sasa ndio hakuna.

Dada_Takwimu
Mleta uzi, sikuuliza urefu wa kanuni. Inapandisha kwa ngapi?

Shemeji_wa_Kitaa
Kimya cha nusu saa hiki si cha bure.

Mwewe_wa_Moro
Sawa. Msinicheke.

Kanuni haikuwahi kukamilika. Watoto walikuwa wanaanza Jumatatu, na usiku wa Jumapili ilikuwa bado inampa kila mtu maswali ya vipeo tu. Kwa hiyo ikawa hivi: tovuti inasahihisha yenyewe, saa nne usiku mimi nafungua majibu kwenye Excel, namsoma mmoja mmoja, naandika kwenye kaunta buku "14: sehemu tena, rahisi", kisha napakia maswali ya kesho. Siku nikizidiwa ananisaidia binamu yangu. Watoto hawajui. Msimamizi hajui.

Lakini wakuu, tuwe wakweli, kuna tofauti gani? Tovuti ilibadilika kwa kila mtoto. Nikikaa wiki hii nikaandika kanuni inayofanya nilichokuwa nafanya, matokeo si yatakuwa yaleyale? Slaidi zimeshachapwa, na nauli ya mama kuja kwenye utetezi nimeshatuma.

Shemeji_wa_Kitaa
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Akili mnemba imepiga miayo saa saba usiku, ikamwamsha binamu yake.

Mama_Pacha
Nilijua tu. Fomu ulizowapa wazazi zilisema anayewapangia watoto maswali ni mashine au mtu? Mimi mwanangu akisomwa na mtu usiku nataka kujua ni nani.

Ngosha_Mtata
Wakuu mnaingizwa mjini. Hii ni chai, tena ya maziwa. Watoto 38 mara maswali 10 ni majibu 380 kila usiku. Siku tano kwa wiki 6 ni majibu 11,400. Huyu huyu anasoma masta? Anaandika sura ya nne saa ngapi? Hii ni stori ya mtu aliyekosa usingizi, tovuti hakuna. Kama ni kweli, toa kitu kimoja ambacho mtunga stori asingekifikiria.

Mwewe_wa_Moro
Namba 22. Kwa wiki tatu nilikuwa nampa sehemu nyepesi kabisa, nusu na robo, na bado anakosa. Nikaandika kwenye buku "22 ana shida kubwa". Ijumaa moja kapata 10 kati ya 10. Nikadhani kaibia. Chini kuna kisanduku cha maoni, kaandika: "Leo ni mimi mwenyewe." Kumbe simu ni ya mama yake, na saa za mazoezi yeye yuko bombani anachota maji. Aliyekuwa anabonyeza ni mdogo wake wa darasa la tatu.

Bodaboda_Msomi
Dah.

Ngosha_Mtata
Hata hiyo inatungika. Ila imetungwa vizuri.

Dada_Takwimu
Mimi naamini, maana hilo ndilo tabaka nililokuwa nalisema. Majibu uliyasoma sawa, na uamuzi uliofuata ulimfaa aliyebonyeza. Kosa liko katikati: ulidhani mbonyezaji ndiye namba 22. Wastani wa alama usingekuonyesha hilo hata ungekuwa na watoto elfu. Kwa nchi yenye simu moja nyumba nzima, kisa hiki kina uzito kuliko grafu zako zote. Kiingize sura ya nne.

Na kumweka mtu mahali pa mashine si dhambi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wanaficha mtu nyuma ya pazia aigize programu ambayo haijajengwa, wajue kama inafaa kujengwa. John Kelley alifanya hivyo, akawa anamwondoa mtu kidogo kidogo programu ikishika kazi. Ila kwenye ripoti yake alisema nyuma ya pazia kuna mtu. Wewe umeandika akili mnemba. Futa.

Na hapana, kanuni utakayoandika wiki hii haitakuwa wewe. Wewe na binamu wenyewe hatujui kama mlikuwa mnaamua sawa.

Mwewe_wa_Moro
Tulikuwa tunaamua sawa kabisa. Nilimfundisha mwenyewe.

Binamu_wa_Mwewe
Habarini. Nimetumiwa huu uzi na mtu. Ni kweli, nilikuwa nasaidia. Wiki ya nne nzima nilifanya peke yangu alipokuwa anaumwa malaria, na bando langu mpaka leo halijalipwa.

Ngosha_Mtata
ID imejiunga leo, ujumbe 1. Mleta uzi umebadilisha shati tu.

Dada_Takwimu
Vizuri, tupime yote mawili. Mleta uzi, nijibu inbox, usiandike hapa. Binamu, wewe jibu hapahapa bila kupigiana simu. Mtoto kapata 7 kati ya 10 kwenye vipeo. Manne kati ya aliyopata aliyajibu chini ya sekunde 5. Anapanda au anabaki?

Binamu_wa_Mwewe
Anapanda. Saba ni saba. Mimi sekunde sikuwa naziangalia.

Dada_Takwimu
Mleta uzi kaniandikia: "Anabaki, hayo manne kaotea."

Ngosha_Mtata
Sawa, wako wawili. Naondoa chai.

Shemeji_wa_Kitaa
Kwa hiyo wiki ya nne watoto walikuwa wanatumia tovuti nyingine na hawajaambiwa.

Mwewe_wa_Moro
Sekunde nilimwambia aziangalie...

Binamu_wa_Mwewe
Hukuniambia.

Dada_Takwimu
Msigombane hapa. Kaeni vyumba tofauti, kila mmoja na majibu ya wiki ya nne, buku limefungwa. Amueni upya watoto wote 38, kisha mhesabu mmekubaliana mara ngapi. Ukienda kwa msimamizi nenda na namba hiyo na kisa cha namba 22, umwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na uzi huu.

Mwewe_wa_Moro
Tumeanza. Yuko sebuleni, mimi niko jikoni. Kati ya sita wa kwanza tumekubaliana wawili.