Tupeane uzoefu: FINAL, FINAL2, FINAL_KABISA na namna zinavyotuangusha

Mshona Mabango
Wadau, kuna bango limetundikwa mjini leo likiwa na tarehe ya mwaka jana. Wa fani hii hahitaji kuelezwa: folda ilikuwa na FINAL, FINAL2 na FINAL_KABISA, flashi ikabeba isiyo yenyewe. Leteni yenu. Wapi hasa panavunjika, na mnapazibaje?

Mhariri_Usiku
Kwa video panapovunjika si jina. Faili la mradi wa Premiere (.prproj) halina picha ndani, lina njia tu za kufikia klipu. Mpelekee mwenzako wa South B .prproj peke yake, atakutana na Media Offline, yaani klipu hazipatikani, kuanzia sekunde ya kwanza. Ingia Project Manager, chagua Collect Files and Copy to New Location, upeleke folda nzima. Na usibadilishe jina la folda kazi ikiendelea, hata kama jina lenyewe ni la aibu.

Beat ya Kayole
Ndivyo. Ableton ya muziki nako ni Collect All and Save, la sivyo ngoma zinabaki kwa laptopu ya mtu wa Umoja.

Stima_Tena
Stima ikipotea katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika. Blender ya 3D huacha toleo lililotangulia likiwa na .blend1, ondoa hiyo 1 kwenye jina, linafunguka. After Effects ya video ina Ctrl+Alt+Shift+S, inahifadhi na kupandisha namba ya toleo yenyewe.

Dada Pixeli
Mnalia na flashi, ngojeni Git, programu ya kutunza matoleo ya faili. Hivi ndivyo kampeni nzima inavyoonekana kufa. Timu ya watu 4, faili za Photoshop (PSD) za MB 400. Mmoja anapiga git add, kuziingiza kwenye Git, kabla ya kuwasha LFS, nyongeza ya Git ya faili kubwa. Akisukuma kwenda kwenye seva ya GitHub, inakataa, maana kikomo ni MB 100 kwa faili. Anafuta PSD, anaweka komiti (rekodi ya mabadiliko) mpya, anasukuma, inakataa tena! Anafuta hata zisizohusika. Kumbe faili limo kwenye historia, si kwenye folda. Ukilifuta leo, la jana bado linasafiri. Dawa ni git lfs migrate import --include="*.psd" --everything. Amri hiyo huandika historia upya, kwa hiyo kila mwenzako anakili hazina (folda ya mradi pamoja na historia yake) upya, asichanganye na ile ya zamani.

Sasa msiba. Mwenzao ambaye hajaweka LFS ananakili hazina, anakuta kila PSD ina baiti 130 hivi, na Photoshop haitaki kuifungua. Mayowe! Mteja anapigiwa simu kuombwa wiki mbili. Na hakuna kilichopotea. Fungua faili hilo kwa Notepad: mistari mitatu, wa mwisho ukitaja ukubwa halisi. Hiyo ni stakabadhi, mzigo uko kwenye seva. Piga git lfs install, kisha git lfs pull, PSD zinarudi. Kinachoua kweli ni kufuta nakala ya laptopu kabla mzigo haujamaliza kupanda.

Mpangilio sahihi tangu mwanzo: git lfs install, git lfs track "*.psd", git add .gitattributes, ndipo PSD zifuate. Mjue pia kila toleo hutunzwa zima. MB 400 mara kumi ni GB 4, bundle itakwisha mnaangalia.

Kadi za Harusi
Baiti 130! 😂 Mteja anapigiwa kweli?

Dada Pixeli
Kabla hata ya Notepad kufunguliwa.

Mzee wa CorelDRAW
Hayo yote ya nini? Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo wa Linux, alitengeneza Git mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, mistari ya maandishi. PSD mbili haziunganishiki. Mmoja atafuta kazi ya mwenzake. Weka Google Drive, inatunza matoleo yenyewe.

Bila Utani
Mzee, kwa PSD Drive inaweza kufuta matoleo ya zamani baada ya siku 30 au yakipita 100, usipoyawekea alama ya kutunzwa daima. Na mteja hurudi siku ya 45: "ile ya kwanza ilikuwa poa." Kuhusu kuunganisha uko sawa kabisa, ndiyo maana tunafunga. git lfs track "*.psd" --lockable, halafu git lfs lock bango.psd. Kwa wengine faili linakuwa la kusoma tu. Ukishasukuma, git lfs unlock.

Mzee wa CorelDRAW
Sisi huandika NIKO NDANI kwenye kikundi cha WhatsApp. Bure.

Bila Utani
Na akilala akiwa ndani?

Mzee wa CorelDRAW
Anapigiwa. Kama yule mteja wenu.

Kadi za Harusi
Mimi nasema neno final lipigwe marufuku. 2025-03-14_bango_v07.psd: mwaka mbele, namba tarakimu mbili, kwa sababu kwenye baadhi ya mifumo v10 hutangulia v2. Kwa mchapishaji peleka PDF moja tu, kwenye flashi tupu. Ukiweka mbili atachapa isiyotakiwa. JPG ya WhatsApp itume kama hati. Ukituma kama picha inabanwa.

Mshona Mabango
Swali la pembeni. Flashi ya mtaa wa Luthuli, Nairobi, GB 20 ziko wazi, inakataa PSB (faili kubwa la Photoshop) ya GB 6 ikidai faili ni kubwa mno. Ni feki?

Stima_Tena
Hapana, iko kwenye FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili, kikomo chake ni GB 4 kwa faili. Iformati iwe exFAT. Hamisha vilivyomo kwanza, vinafutika vyote.

Mshona Mabango
Ungeanza na hiyo ya mwisho.