Mzee wetu anaambiwa "kaa chini, haya ni mambo ya wasomi" pale pale uwanjani kwetu?!

Njomba wa Chikongola (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kikaoni sasa hivi, hata viatu sijavua, mke wangu ananiita nikale nimemwambia chakula hakipiti. Nikinyamaza leo nitapasuka.

Mnamjua. Simtaji, uzi utafungwa, na hana haja ya kutajwa maana kuanzia Shangani mpaka Mikindani hakuna mtoto asiyemjua. Yule wa miwani nyeusi hata saa mbili usiku. Yule ambaye akikohoa, watu watano wanakimbilia maji. Yule aliyekuja kwenye msiba wa mtaani kwetu akaongea nusu saa na jina la marehemu akalikosea.

Kikao kilikuwa cha uwanja wetu wa zamani. Chuo kinapanuka, kinataka eneo lote, kuanzia geti mpaka ukuta wa nyuma, kijenge madarasa na hosteli. Tukaitwa "kutoa maoni". Sisi tumekaa kwenye ngazi za zege zinachoma, meza kuu iko chini ya mkorosho na kitambaa juu. Akasimama Mzee. Wote mliowahi kucheza pale mnamjua naye: ndiye aliyekuwa anachora mistari. Kamba ya katani, vigingi viwili, ndoo ya chokaa na ufagio. Siku ya mechi kabla hata ya adhana ya alfajiri ameshainama pale kwenye kona, na ukikanyaga mstari haujakauka anakukimbiza mpaka sokoni. Mimi amenikimbiza. Hata baba yangu alikimbizwa naye.

Mzee kasimama, kavua kofia, kaishika kwa mikono miwili, kauliza kwa adabu zote: "Watoto watacheza wapi?"

Yule wa miwani akamjibu: "Mzee, kaa chini, haya ni mambo ya wasomi."

KAA CHINI. Mbele ya wajukuu zake! Mbele ya kinamama wanaouza ming'oko, vile viazi pori vyetu! Uwanja mzima kimya, hata mbuzi waliokuwa golini waliacha kutafuna wakainua vichwa. Na Mzee akakaa. Hicho ndicho kinachoniua. Mzee hakujibu neno, alivaa kofia yake taratibu akakaa, na yule bwana akarudi kwenye simu yake akacheka na kitu alichotumiwa.

Mechi kubwa zilihamia uwanja wa Nangwanda, sawa, lakini nendeni pale saa kumi na moja jioni muone. Mabinti wa netiboli upande huu, watoto wa chini ya miaka kumi na tatu upande ule, wazee wa kukata vitambi wanazunguka pembeni wanahema. Mwaka 2014 timu yetu ya Ndanda ilipopanda Ligi Kuu, mtaa wetu ulikesha pale. Mji huu wa Mtwara ulipimwa na Waingereza enzi za mradi wa karanga, kuanzia 1947. Mradi ukafa 1951, reli ya Nachingwea baadaye ikang'olewa, tulichobaki nacho ni bandari, barabara pana na nafasi. Sasa na nafasi inaondoka, na ukiuliza unaambiwa ukae chini.

Chuo sikipingi. Mdogo wangu anasoma hapo hapo. Lakini ukitoka kidogo tu kwenda Mangamba au Naliendele, mapori yapo. Na hata kama ni lazima kiwe pale, mtu mzima kauliza swali la watoto, unamjibuje vile? Kaa chini! Huko alikotoka anawajibu wazee wake hivyo?

Bajaji ya Bima

Nilikuwepo, nathibitisha. Umesahau maji. Maji ya baridi yalikwenda meza kuu tu, sisi tuliambiwa gari la maji linakuja. Mpaka sasa linakuja.

Kamba ya Nanga

Punguza povu mkuu. Uwanja gani huo mnaoulilia? Nimepita juzi, golini kumeanikwa mihogo, katikati ya uwanja kuna bajaji inaoshwa. Nyavu za magoli sijui mara ya mwisho zilionekana lini. Mnakumbuka uwanja leo kwa sababu kuna anayeutaka.

Njomba wa Chikongola

@Kamba ya Nanga mihogo inaanikwa asubuhi, jioni inaanuliwa mpira unachezwa. Ulitaka ianikwe wapi, kichwani kwako? Na hata ingeanikwa mwaka mzima, haimpi mtu ruhusa ya kumwambia mzee KAA CHINI.

Mkazi wa Kitanda cha Juu

Samahanini wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa hapo mnapopasema. Mnajua tunavyoishi? Kipindi cha saa mbili asubuhi ukifika saa mbili kasoro kumi unasikiliza ukiwa dirishani. Chumba nilichopanga Chuno mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, choo cha nje, na ukichelewa kurudi kutoka maktaba geti limefungwa unaanza kupiga simu kama mwizi. Dada zetu ndio wanaumia zaidi, wanatembea usiku. Hosteli tunazihitaji. Ila na mimi nilikuwepo, ile kauli haikuwa nzuri. Msituunganishe na yule, hakutumwa na wanafunzi.

Bibi Harusi wa Ligula

@Mkazi wa Kitanda cha Juu pole mwanangu. Huyo mwenye nyumba ni wa ile nyumba ya bluu karibu na msikiti? Kama ni yeye, alikula kodi yangu mwaka juzi na mpaka leo ananipita kanyoosha shingo.

Mkazi wa Kitanda cha Juu

Shikamoo mama. Ndiye huyo huyo.

Karani Mstaafu

Niwape kitu kimoja kabla hamjatoana macho. Eneo likishapangwa kuwa la michezo, kuligeuza kuwa la majengo ni kubadili matumizi ya ardhi, na hilo lina utaratibu wake. Ipo Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Ridhaa inatolewa na mamlaka ya upangaji kwa maandishi, haitolewi kwa kukemea watu kwenye mkutano. Nendeni mkaombe kuona ramani ya mtaa, muulize eneo limeandikwa nini. Andikeni barua, mgongewe muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala. Muhuri huo ndio utakaowasaidia.

Dar Mpaka Kesho

Mambo haya yapo kila mahali. Kule San Diego, Marekani, timu yao kubwa ya mpira wa kimarekani ilihamia Los Angeles mwaka 2017, uwanja ukabaki mzigo wa jiji. Chuo kikuu cha pale kikautaka, na kampuni nyingine nayo ikautaka. Novemba 2018 wananchi wakapiga kura, mapendekezo mawili kwenye karatasi, wakachagua la chuo. Jiji likakiuzia chuo ekari kama 135 kwa zaidi ya dola milioni 80. Wakabomoa ule wa zamani, lakini kwenye eneo hilo hilo chuo kikajenga uwanja mwingine wa watu 35,000, ukafunguliwa 2022, na kwenye mpango wakaweka na bustani ya wananchi kando ya mto. Kwa hiyo chuo na uwanja vinaweza kukaa pamoja. Mnagombana bure.

Bajaji ya Bima

Wenzetu wamepiga kura. Sisi tumepigwa kaa chini.

Njomba wa Chikongola

HAPO HAPO! @Bajaji ya Bima umemaliza kila kitu. Huko hata mzee wa kuchora mistari alipewa karatasi ya kura. Wetu kapewa nini? Nikifumba macho naiona ile kofia.

Mtutu wa Kusini

Hata Highbury ya Arsenal. Walipohama 2006 kukajengwa nyumba za kuishi pande zote, lakini pale katikati penye nyasi wamepaacha bustani. Jengeni hosteli pembeni kwenye majukwaa, katikati waachieni watoto. Ni suala la kuchora ramani vizuri tu.

Kamba ya Nanga

Arsenal tena? Hakuna uzi humu ndani mnaouacha salama.

Mtutu wa Kusini

Wewe timu yako ina hata uwanja?

Kamba ya Nanga

Usiniingize huko.

Mwera wa Ng'apa

Watu wa Mtwara mna raha. Chuo mnacho, bandari mnayo, uwanja wa ndege mnao, mnapata na muda wa kulia. Kama hamkitaki kileteni Lindi. Ngongo kule kwenye viwanja vya Nanenane pamejaa upepo tu mwaka mzima mpaka Agosti. Na mzee wenu mleteni, sisi tutampa kiti.

Bajaji ya Bima

@Mwera wa Ng'apa Lindi mkileta chuo wanafunzi watafikaje? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ikakatika huko huko kwenu, watu wamelala kwenye mabasi na watoto wachanga.

Mwera wa Ng'apa

Mvua ile ni ya Lindi? Tuliiagiza sisi? Nyie mlikuwa mnakula samaki mmelala kwenu, sisi ndio tulikuwa tunawapikia abiria wenu uji Somanga.

Dar Mpaka Kesho

Nilikuwa kwenye moja ya hayo mabasi. Uji niliuziwa elfu mbili kikombe. Msituambie mlikuwa mnatoa sadaka.

Mwera wa Ng'apa

Sukari ilikuwa bei gani wakati ule? Na ulikunywa viwili.

Njomba wa Chikongola

Wakuu tafadhali turudi kwenye mada. Kesho asubuhi nampeleka Mzee kwa @Karani Mstaafu tukaandike barua, anayetaka kusaini aje pale getini. Yule bwana lazima aombe radhi hadharani, pale pale chini ya mkorosho, kipaza sauti kile kile. Mtu kamwambia mzee kaa chini na nyie mnajadili uji!

Mama Wawili Newala

Umeutaja mkorosho umenitonesha. Chuo mtajenga, uwanja mtajenga, sisi wakulima nani atatusemea? Salfa, dawa ya mikorosho, ilikuja maua yameshapigwa na ugonjwa wa ubwiriubwiri. Nimepuliza mara moja nikakosa ya kurudia. Mzigo wa korosho nimepeleka ghalani, mnada umepita, majirani wa kata nyingine wameshalipwa, mimi kila nikiuliza naambiwa taarifa zangu za benki zina herufi imekosewa. Herufi moja! Jina langu lina herufi sita!

Bibi Harusi wa Ligula

Hata mimi! Kwangu wanasema namba ya akaunti ni ya mtu mwingine. Mwaka jana nililipwa kwa namba hiyo hiyo.

Kamba ya Nanga

Hapo sasa ndipo penye hoja. Makato nayo mnayaona? Ukisoma ile karatasi unaona kila mtu kakata kabla yako.

Karani Mstaafu

@Mama Wawili Newala nenda na kitambulisho na ile stakabadhi ya ghala, ya kwako halisi, usiiache ofisini. Waoneshe, wakupigie nakala mbele yako. Na usimpe mtu hela eti akusukumie.

Mama Wawili Newala

Nimeshampa mmoja elfu kumi baba, nilichoka.

Bajaji ya Bima

Nani? Yule mwenye pikipiki nyekundu?

Mama Wawili Newala

Ndiye. Kumbe mnamjua!

Mwera wa Ng'apa

Huyo hata Lindi tunamdai. Mama, fungua uzi wake, huu umeshajaa.