Je, Watanzania hatuamini sayansi, au wataalamu wetu wamezoeshwa kunyamaza?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu mwaka 2020 kuna maneno yamerudiwa mpaka yakageuka ukweli: kwamba Mtanzania ni mtu wa miujiza, ukimwekea daktari na mganga mbele yake atamfuata mganga. Wanaoyasema zaidi ni wasomi wetu wenyewe, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa na ndugu zake. Mimi nayapinga. Nenda kliniki ya mama na mtoto siku ya chanjo, asubuhi na mapema. Mabenchi yamejaa, kadi za watoto ziko mikononi, na wapo waliotoka vijiji vya mbali kwa miguu. Kwa miaka mingi nchi hii imekuwa miongoni mwa zinazofanya vizuri Afrika kwa chanjo za watoto, na hakuna polisi aliyewaswaga akina mama wale. Surua waliiona kwa macho, wakaona na jinsi ilivyopungua.

Ugonjwa wetu uko kwingine. Mtaalamu wa nchi hii akitoa matokeo yasiyopendeza, anaadhibiwa hadharani, na wenzake wote wanapata somo.

Kumbukeni Desemba 2016. Dk. Mwele Malecela, mkurugenzi mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, aliwaambia waandishi wa habari kwamba utafiti wao ulikuta dalili za maambukizi ya virusi vya Zika katika asilimia 15.6 ya sampuli 533. Hakusema kuna mlipuko. Mtu akiwahi kuambukizwa, damu yake hubaki na alama za kinga hata kama hakuwahi kulala kitandani, na alama hizo ndizo utafiti wa aina ile unazozitafuta. Serikali ikasema Zika haipo nchini, na siku iliyofuata Rais Magufuli akatengua uteuzi wake. Mama yule baadaye aliongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, akafariki Februari 2022. Dunia ilimwona anafaa. Sisi tulimwondoa kwa sababu ya namba.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya mtafiti wa kawaida, mwenye mkopo wa nyumba na watoto shuleni, aliyesikia habari ile redioni. Ungefungua mdomo tena?

Ikaja corona. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, Arusha. Mei 3, akiwa Chato, Rais alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi, kware, oili ya gari na vingine zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na kwamba papai, mbuzi na kware vilikutwa na corona. Kesho yake mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Takwimu nazo zikakoma: wagonjwa 509 na vifo 21, hapo hapo, zaidi ya mwaka mzima.

Watu wanamcheka Rais kwa habari ya papai. Mimi simcheki hata kidogo. Kupeleka sampuli za siri ili kuipima maabara ni jambo zuri, maabara makini duniani kote hufanyiwa hivyo. Na mzee yule hakuwa mbumbumbu wa sayansi. Alifundisha kemia Sengerema, na shahada yake ya uzamivu ya kemia aliipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndiyo maana inaniuma. Mkemia anajua kinachofuata baada ya matokeo ya ajabu: unaeleza sampuli ilichukuliwaje, nani aliibeba, ilifungwaje, halafu unapima upya mahali pengine na kuweka kila kitu mezani. Hayo hatukuyaona. Mkuu wa Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, wakati ule, John Nkengasong, alikanusha kwamba vipimo vyenyewe ni vibovu, na mabishano yakahama kutoka maabara kwenda kwenye uzalendo. Ukiuliza, wewe ni kibaraka wa mabeberu.

Naleta hoja: kinachotukwamisha ni tabia ya taifa, au ni woga uliotengenezwa kwa makusudi?

Mchangiaji wa Mbagala

Mleta mada umeandika vizuri, ila umeandika kama mtu mwenye mshahara.

Mimi napika chapati na maharage. Nisipouza leo, kesho sina mtaji. Wakati Kampala na Kigali watu wamefungiwa ndani, sisi tulikuwa kazini, na wanangu walikula. Kwa hilo nitamshukuru Magufuli mpaka naingia kaburini. Hao wataalamu unaowatetea ndio walikuwa wanatuambia tukae nyumbani tunawe mikono. Nyumbani kwangu ni chumba kimoja, na maji tulikuwa tunanunua kwa ndoo. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza tutakula nini. Mtaalamu asiyejua bei ya unga atanishauri nini?

Mtaalamu wa maabara, Mwanza

Niseme kuhusu papai, maana ni kazi yangu.

Kipimo kile cha corona hutafuta kipande kidogo cha vinasaba vya kirusi na kukinakili mara nyingi, mizunguko hata 40, mpaka mashine ikione. Kwa sababu hiyo ni kikali mno. Tone lisiloonekana kwa macho kutoka sampuli ya jirani, glavu isiyobadilishwa, meza isiyofutwa sawasawa, vyote vinaweza kukupa jibu la uongo. Hilo ni la kwanza.

La pili husikii likitajwa. Vifaa vingi vya kupimia corona vina kidhibiti cha ndani kinachotafuta vinasaba vya binadamu kwenye kijiti kile kile. Kijiti kikitoka puani mwa mtu, kidhibiti kinawaka. Kikitoka kwenye papai ambalo halijaguswa na mtu, hakitawaka, na jibu sahihi ni "sampuli batili, chukua nyingine". Hivyo, kama maabara ilitumia vifaa vya aina hiyo na papai likapewa jibu la kuwa na ugonjwa, kuna maswali mawili ya haraka. Kidhibiti kilisomeka vipi? Je, kuna mkono wa mtu uliogusa papai lile kabla? Yanajibika kwa siku moja, kumbukumbu za mashine zinabaki.

Tungeyajibu hadharani, kila fundi wa maabara nchini angejifunza kitu, na maabara ingerudi ikiwa imara zaidi. Badala yake tulijifunza kuinamisha kichwa. Miezi ile wenzangu kazini waliacha hata kutamka jina la ugonjwa. Kwenye karatasi tukaandika "changamoto ya upumuaji". Nilikuwepo, niliandika.

Mchangiaji wa Arusha

Naunga mkono hoja, na naongeza Loliondo.

Mwaka 2011 tulikodi gari kumpeleka shangazi yangu kijiji cha Samunge, huko Loliondo, kwa Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyekuwa akitoa kikombe cha dawa ya kutibu magonjwa sugu. Shangazi alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Vumbi, foleni ya magari isiyoonekana mwisho, watu wamelala chini ya magari na wagonjwa wao, wengine hawakufika wakiwa hai. Ukikaribia, vijana wanapitisha vikombe vya plastiki dirishani, unakunywa pale pale, shilingi 500, basi. Dawa ni chungu kidogo, ya vuguvugu. Shangazi alilia kwa furaha. Tuliporudi akaacha dawa za hospitali, na hakumaliza mwaka.

Mnasema wananchi ni wajinga. Pale Samunge tuliwakuta wabunge, mawaziri, wakubwa wa vyombo vya dola, na wenye fedha walishuka kwa helikopta. Serikali ilianza kwa kutaka kusimamisha, ikaona umati, ikageuka ikawa inaratibu magari na vyoo. Watafiti wakasema dawa ile haina sumu kwa kipimo anachotoa Babu, ikaishia hapo kwenye masikio ya watu. Swali la pili, kama inatibu, halikujibiwa kwa sauti ile ile. Mwenye virusi vya UKIMWI aliyeacha dawa zake aliachiwa ajibu mwenyewe. Mimi shangazi yangu simlaumu. Alimwona waziri anakunywa.

Mchangiaji wa Kisumu

Jirani zenu wa Kenya tuwaonye kidogo. Mnadhani mkipata uhuru wa kusema mambo yatanyooka.

Huku kwetu mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walitangaza kwamba chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 imetiwa homoni ya kuzuia uzazi. Wizara ikakana, WHO na UNICEF wakakana, vipimo vikabishaniwa magazetini na bungeni. Hakuna aliyefukuzwa kwa kusema. Kila mtu alisema! Na binti wa kijijini akabaki kuchagua kati ya kasisi wake anayemzika baba yake na afisa asiyemjua hata jina. Wengi walimchagua kasisi, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Imani haijengwi siku ya mabishano. Yule dada wa Mbagala wa chapati amesema kitu kikubwa kuliko sisi wote: wataalamu hawakumuuliza atakula nini.

Mwalimu, Lushoto

Mnazungumzia ikulu na wizara, mimi narudi darasani.

Shule ya Magamba iko hapa kwetu. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuwahi nafasi kwenye friza akaingiza maziwa yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa umechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia, na darasa zima likawa linamtania hivyo. Akaja mgeni, Profesa Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam. Kijana akasimama akauliza, wenzake wakaona amewaaibisha. Osborne hakujua jibu, lakini alirudi akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na jina la Mpemba likaingia kwenye fizikia. Mpaka leo wanasayansi wanabishana. Wapo watafiti wa vyuo vya Uingereza waliopima mwaka 2016 wakasema hawaoni ushahidi wa maana. Sawa kabisa, wamepima.

Kinachonikereketa ni wale walimu wawili. Walikuwa na friza, walikuwa na maziwa, na jioni moja ingetosha. Leo nikiwa mkaguzi wa ndani wa taaluma shuleni kwangu naingia madarasani, na bado nasikia "kaa chini, hilo halimo kwenye mtihani". Kwa hiyo mleta mada, woga hautengenezwi na Rais peke yake. Rais anaupokea ukiwa umeiva.

Mleta mada

Mwalimu, hapo umenisogeza. Nakubali kwamba mbegu iko darasani, ila sikubali iitwe tabia ya taifa. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ikawa kosa la jinai kutangaza namba zinazopingana na za serikali, na mwaka 2019 kipengele hicho kikaondolewa. Tabia ya taifa haifutwi kwa marekebisho ya sheria. Hofu inaweza kupunguzwa namna hiyo.

Dada wa Mbagala, uamuzi wa kutofunga nchi ungeweza kutetewa kwa sababu ulizozitoa wewe, njaa na chumba kimoja, huku takwimu zikiendelea kusomwa kila jioni. Ungeuza chapati zako ukijua wiki hii hali ni mbaya, umkinge mama yako. Ulinyimwa hilo. Julai 2021 Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera, na watu wengi walisita kwa sababu miezi sita tu nyuma waliambiwa chanjo hazifai, na sauti iliyowaambia ilitoka kwenye kiti kile kile.

Ninachotaka ni kidogo. NIMR ipo kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979. Irekebishwe: matokeo ya utafiti wake yatangazwe ndani ya muda maalumu bila kusubiri baraka za waziri, na mkurugenzi akitenguliwa, sababu zipelekwe bungeni kwa maandishi.

Mchangiaji wa Mbagala

Hilo la sheria naliunga mkono, ingawa bungeni wanaelewana wenyewe kwa wenyewe. Mimi naongeza langu. Hayo matokeo yasomwe redioni kwa Kiswahili, jioni wakati tunafunga biashara, na anayesoma awe mtafiti mwenyewe, namba ya simu ya ofisi yake itajwe, tupige tumuulize.