Mjadala: Muuguzi anayetibu majumbani Bukavu adaiwe nini kwanza, cheti au daftari?

Ndugu aliyetangulia kuchangia hoja hii ametaka hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, asiingie mtu yeyote katika nyumba ya mgonjwa na sindano mkononi ikiwa hana diploma ya uuguzi na kibali cha wakubwa wa afya. Mama mmoja wa Kadutu, komini ya hapa mjini, amemjibu kwamba sharti hilo likitekelezwa kesho, wagonjwa wengi wa milimani watabaki bila mtu wa kuwageuza kitandani. Nimewasoma wote wawili kwa makini, na naona kila mmoja anasema kweli, ila wote wameuanza mjadala huu mwishoni.

Mama yangu mzazi anaugua sukari, na kiharusi kilimpooza upande wa kulia na kumnyang'anya maneno. Kijana aliyekuwa akimhudumia ni muuguzi wa A1, yaani mwenye diploma ya chuo, amesoma akamaliza, na mkono wake ni mwepesi. Siku moja alifika mapema kuliko kawaida, mjukuu akamfungulia mlango, akamchoma mama insulini yake ya asubuhi, kisha akawahi kwa mgonjwa mwingine. Mjukuu naye akaenda shule. Dada yangu, ambaye ndiye gardimaladi wa nyumba yetu, yaani ndugu anayekaa na mgonjwa kumhudumia, alirudi kutoka misa, akaikuta chupa mahali pake pa kila siku, akadhani muuguzi amechelewa, akavuta uniti 18 na kumchoma mama mara ya pili. Kabla ya saa nne shuka lilikuwa limelowa jasho, mikono ya mama ikitetemeka, na macho yake hayamtambui mtu. Tunamshukuru Mungu kwamba alikuwa bado anaweza kumeza: tulimpa chai yenye sukari nyingi, kijiko baada ya kijiko, tukimkalisha wima, mpaka akaanza kugeuza shingo kutufuata kwa macho.

Diploma ilikuwepo asubuhi ile, na upendo wa binti kwa mama yake ulikuwepo pia. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maandishi: nimemchoma, uniti 18, saa kumi na mbili na nusu.

Tangu siku hiyo kuna daftari la shule linaloning'inia kando ya kitanda, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee. Kila anayemgusa mama huandika jina lake, saa, dawa na kipimo, na kama amemgeuza, upande aliomlaza, kwa sababu mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi kabla kidonda hakijafunguka mgongoni au kwenye kisigino. Juu ya chupa ya insulini tunaandika siku tuliyoifungua, kwa kuwa aina nyingi zikishafunguliwa hazipaswi kupita majuma manne. Ukurasa wa kwanza una maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: insulini ya 100 (yenye uniti 100 kwa kila mililita) huvutwa kwa sirinji ya 100. Ukitumia sirinji iliyochorwa kwa ajili ya 40, ukavuta mpaka mstari uleule, umempa mgonjwa dawa mara mbili na nusu ya ile aliyoandikiwa.

Simpingi ndugu yangu kuhusu diploma. Sheria ya Kongo nambari 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016 ilishaunda baraza la wauguzi, lile tunaloliita Ordre, na anayetaka kufanya kazi hiyo sharti aandikishwe humo. Lakini ni nani atakayepanda ngazi za Kadutu nyumba kwa nyumba kukagua makaratasi? Tunajua sote jinsi ukaguzi wa namna hiyo unavyogeuka kuwa ada, na ada hiyo hatimaye italipwa na mgonjwa. Mama wa Kadutu ana haki ya kuhofu. Penye nyumba zilizobanana mlimani, ambako gari halifiki, mgonjwa hushushwa kwa kipoyi, machela inayobebwa na watu, au mgongoni mwa kijana mwenye nguvu, na benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025 familia nyingi zilishindwa hata kupata fedha zao wenyewe za kulipia hospitali. Kwa watu hao matibabu ya nyumbani ndiyo pekee yaliyobaki.

Hata hivyo umaskini hauhalalishi kila jambo, na hapa natofautiana na mama huyo. Serumu, yaani maji ya dripu yanayopitishwa kwenye mshipa, isitundikwe nyumbani bila maandishi ya daktari, hata familia ikiomba kwa machozi kwa kuamini kwamba serumu ndiyo inayorudisha nguvu. Mzee mwenye moyo dhaifu akimiminiwa maji haraka, mapafu yake yanaweza kujaa usiku huohuo. Sindano iwe mpya kila mara, na ikishatumika iingie katika chupa ngumu yenye kifuniko, kwa maana zile tunazotupa kwenye mitaro watoto wetu huziokota.

Wapo watakaosema daftari ni jambo dogo mno. Nawakumbusha Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287. Sehemu ya maambukizi ilipitia katika vituo vidogo vya matibabu, na kila mgonjwa alipogunduliwa, waliokuwa wakifuatilia ugonjwa walilazimika kuuliza nani alimgusa, lini, na kwa chombo gani, ili kila mtu huyo aangaliwe kwa siku 21. Majina hayo yalitafutwa katika kumbukumbu za watu waliojaa hofu na msiba.

Yule kijana wetu mwanzoni alisita kuandika jina lake. Aliniambia waziwazi kwamba mgonjwa akifa, karatasi hiyo itapelekwa polisi. Nilimjibu kwamba mgonjwa akifa bila karatasi, atakayelaumiwa ni yeye vilevile, na hatakuwa na cha kuonyesha. Sasa anaandika. Dada yangu, ambaye hakusoma sana, huchora mstari mmoja kwa kila kidonge na mshale kwa upande aliomgeuzia mama, na muuguzi anaisoma michoro hiyo bila taabu.

Pendekezo langu ni kwamba kanda za afya za Ibanda, Kadutu na Bagira zianze na daftari hilo, na muuguzi mkuu wa kituo cha afya kilicho karibu alisome mara moja kwa mwezi bila malipo. Suala la vibali lifuate baadaye. Ningependa kuwasikia wauguzi wenyewe wanaozunguka majumbani: ukikuta daftari kando ya kitanda cha mgonjwa usiyemfahamu, utatia sahihi?