Mrejesho: pikapu mpya za gitaa langu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini pikapu mpya (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), kila moja ikiwa peke yake inalia vizuri, lakini swichi ikikaa katikati, zote mbili zikilia pamoja, sauti inakuwa nyembamba kama ya simu mbovu. Aliyesema zinapingana (moja ikisukuma wimbi la sauti, nyingine inavuta, zinafutana) alipatia. Jana nilikaa na fundi redio hapa Moshi mjini, tukapishanisha nyaya mbili za pikapu ya shingoni: wa sauti ukaenda ardhini (yaani upande wa "ground" wa gitaa), wa ardhini ukaenda kwenye swichi. Besi imerudi! Ila kifuniko chake cha chuma kilikuwa kimelehemiwa kwenye ule waya wa ardhini, ikabidi tukitenganishe kwanza na kukipa waya wake wa kwenda ardhini. Vinginevyo kingevuma kila nikikigusa. Volyumu bado inakwaruza. Hiyo Jumamosi, umeme ukiwepo.