Mipaka ya maeneobunge: twende kortini au tungoje tume?

Mkazi wa Pipeline
Kifungu cha 89 cha Katiba ya Kenya kinataka mipaka ya maeneobunge ipitiwe upya baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Ya sasa ilichapishwa Machi 2012. Muda ulipokatika Machi 2024, IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, haikuwa na kamishna hata mmoja.

Sasa hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296. Gawa kwa maeneobunge 290, unapata kama 164,000. Jiji linaruhusiwa kuzidi kwa asilimia 40, yaani hadi karibu 230,000. Nairobi tuko 4,397,073 na maeneobunge 17: wastani ni 258,000 na ushei. Si Embakasi yetu tu, jamani, kaunti nzima imepita kiwango! Na basari za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, zinagawiwa kwa eneobunge. Nasema twende mahakama ya Milimani. Kifungu cha 258 kinamruhusu mtu yeyote kushtaki Katiba ikivunjwa.

Wakili Mchovu
Kushtaki si kazi. Ukishinda utapewa nini? Makamishna waliapishwa Julai 2025, na wameshasema mipaka haitakamilika kabla ya uchaguzi wa 2027. Hata wakikimbizana, kazi ikiisha ikiwa imebaki chini ya miezi 12, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo.

Kesi yenye meno ni ile ya baada ya tangazo la mipaka mipya: una siku 30 tangu lichapishwe katika Gazeti Rasmi, na Mahakama Kuu iamue ndani ya miezi 3. Mwaka 2012 zilifika zaidi ya 100, na hukumu ikatoka Julai. Baadhi ya walalamishi walirekebishiwa. Lakini wakati huo palikuwa na uamuzi wa kupinga. Leo hakuna.

Jambo moja nakubali, tumewapita Wamarekani. Kule wamekuwa wakipigania mipaka kortini tangu kesi ya Baker v. Carr ya 1962, lakini mwaka 2023 mahakama moja ya rufaa ilisema raia hawezi kushtaki kwa kifungu cha 2 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, eti hiyo ni kazi ya Mwanasheria Mkuu peke yake. Haki yetu imeandikwa ndani ya Katiba yenyewe.

Bint Amu
Nyinyi wa Nairobi mwahesabu vichwa tu. Kaunti ya Lamu ina watu 143,920 na maeneobunge mawili, kwa hiyo kwa hesabu yenu tuko chini mno. Viti vimefungwa 290. Cha kuwaongeza nyinyi kitatoka kwa nani? Kifungu hichohicho cha 89 kinataja jiografia, historia, utamaduni na njia za mawasiliano, lakini naona mmeviruka. Na hizo siku 30 ni za mwenye wakili. Mvuvi wa Kizingitini Gazeti Rasmi atalisomea wapi?

Kijana wa Kariobangi
Mmesahau BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba? Ilitaka kuongeza maeneobunge 70. Wananchi walishtaki, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema jedwali lile liliingizwa bila umma kushirikishwa. Kesi ya raia ndiyo iliyotunyima viti sisi wa Nairobi, wakuu. Simlaumu jaji, maana vigogo walikuwa wanajigawia. Ila tusidanganyane kwamba korti ni ya waliobanwa siku zote.

Mkazi wa Pipeline
Bint Amu, sitaki kiti chenu, dadangu. Na sitaki jaji atuchoree ramani. Nataka tume iwe na kalenda yenye tarehe, na irudi kortini kueleza imefika wapi. Wakili, si inawezekana?

Wakili Mchovu
Inawezekana. Katika kesi ya Mitu-Bell, ya wale waliobomolewa nyumba karibu na uwanja wa Wilson, Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2021 kwamba jaji anaweza kutoa amri kisha akaendelea kusimamia utekelezaji wake. Hiyo ningeiandika hata bila malipo. Ada za korti mtachanga.

Bint Amu
Ikiwa ni kalenda tu, nitatia sahihi. Lakini ombi liseme wazi kwamba vikao vya kusikiliza watu vifike Faza na Kiunga huku Lamu, visiishie ukumbi wa KICC jijini Nairobi.