Wanga unanigandia kwenye pasi, naombeni msaada wa haraka

Mshono_Mmoja (Jumanne, saa 3:40 usiku)
Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mgeni kwenye mambo ya kuunganisha viraka kuwa blanketi, hili ndilo blanketi langu la kwanza. Vitambaa ni pamba tupu: vyekundu, bluu iliyoiva na vyeupe. Nimefua, nimepika wanga, nimepiga pasi. Sasa wanga unaganda kwenye pasi, unabanduka kama magamba, na magamba yanahamia kwenye ile bluu. Inaonekana kama ina mba. Pasi yenyewe haitelezi tena, inakwama. Viraka viko 80 na Jumamosi blanketi linatakiwa liwe limeisha. Nifanyeje? Naomba majibu ya kunisaidia, sio ya kunisema.

Mama Beseni
Karibu mwanangu. Nakusema kidogo tu. Nani alikwambia nyekundu na nyeupe zinaingia beseni moja? Nyekundu na bluu iliyoiva unaziloweka peke yake kwanza, maji ya moto, unatumbukiza humo kitambaa cheupe chakavu. Kikitoka na rangi, unamwaga maji unarudia. Kikitoka cheupe kama kilivyoingia, hapo ndipo unafua na wenzake. Mimi nilipokuwa bibi harusi niligeuza mashuka sita yote yakawa waridi kwa sababu ya leso moja. Mzee akalalia waridi miaka minne, hakuuliza hata siku moja. Mpaka leo sijui kama ni upole au haoni rangi.
Wewe hujasema, lakini nyeupe zako zimekuwa waridi. Ndiyo au siyo?

Mshono_Mmoja
Waridi kidogo tu, Mama. Ukisimama mbali huoni. Na nimeshazipiga pasi kwa hiyo hilo limepita. Naomba turudi kwenye wanga.

Shangazi wa Uzi
Halijapita. Chukua siki kikombe kimoja na chumvi kiganja, loweka usiku kucha, rangi inashika haitoki tena. Dawa ya bibi zetu hiyo.

Fundi Kimya
Shangazi, kwa heshima zote: hapo rangi itashika wapi? Kwenye nyeupe ambako haitakiwi? Siki inasaidia rangi za sufu na hariri, pamba ni habari nyingine. Chumvi mtia rangi hutumia wakati wa kutia rangi, ili iingie kwenye uzi. Rangi iliyokwisha kutoka hairudishwi kwake kwa chumvi.
Bwana mwenye uzi huu wa mjadala, nyeupe ziloweke kwenye maji ya moto mengi yenye sabuni ya vyombo, beseni kubwa, zikae zimezama zote kwa muda wa saa 12 hivi. Sabuni inaishikilia rangi majini isitue tena kwenye kitambaa. Maji yakibadilika rangi, mwaga, anza upya. Usianike juani wala kupiga pasi mpaka alama iishe. Wewe umeshapiga pasi, moto umeishindilia, kwa hiyo itatoka kwa shida au isitoke. Jaribu.

Shangazi wa Uzi
Nguo zangu hazijawahi kuchuja. Basi.

Pasi_Moto
Dada, pole. Wanga ukiganda kwenye pasi maana yake unapika sufuria bila maji hahaha.

Mshono_Mmoja
Mimi ni kaka.

Pasi_Moto
Aisee! Kaka anapika wanga, anashona blanketi la mtoto, sisi wengine hata kifungo kikitoka tunanunua shati jipya. Hongera sana.

Mshono_Mmoja
Ni la mtoto wa dada yangu, amezaliwa juzijuzi. Sherehe ni Jumamosi. Nilishamwahidi mbele ya watu.

Babu Kola
Vijana, msimcheke. Uingereza ya karne ya 16 wanaume wakubwa walivaa kola za marinda zilizopigwa wanga zikasimama kama sahani shingoni. Mvua ikinyesha, sahani yote inalala mabegani. Heshima yote ya mtu ilikuwa kwenye wanga. Kwa hiyo kaka yetu yuko kwenye ukoo mzuri, aombe tu mvua isinyeshe.
Mimi nilikuwa napiga wanga sare za shule za watoto wangu watano kila Jumapili. Suruali zilikuwa zinasimama zenyewe ukutani. Yule wa tatu siku moja akakaa darasani, suruali ikalia kaa! mwalimu akadhani…

Fundi Kimya
Babu, utamalizia. Mshono_Mmoja, nijibu mawili. Wanga uliweka kiasi gani kwa maji kiasi gani? Na ulitaka ukusaidie nini?

Mshono_Mmoja
Vijiko vinne vya chakula, vimejaa, maji nusu lita. Nilimwaga unga moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Ulifanya madonge kidogo. Nilitaka vitambaa vishike.

Fundi Kimya
Hiyo ni gundi ya kubandika matangazo. Wanga wa viraka, kijiko kimoja kwa lita moja ya maji kinatosha kuanzia. Unakoroga kwanza kwa maji baridi kidogo mpaka hakuna donge, ndipo unamimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga. Unaona maji meupe kama chokaa yanageuka, yanakuwa kama kioo chenye ukungu. Hapo umeiva. Unachuja kwa kitambaa chepesi, unaacha upoe. Na ukishaunyunyiza unasubiri unyonywe. Magamba ni wanga uliobaki juu ya kitambaa haujaingia ndani ya nyuzi, pasi ikaukaanga.
Lakini hujajibu la pili. Vishike nini?

Mshono_Mmoja
Vishike saizi.

Fundi Kimya
Saizi gani? Kitambaa kizima ambacho hakijakatwa hakina saizi ya kushika.

(Hapo akapotea. Akarudi Jumatano, saa 12:15 asubuhi.)

Mshono_Mmoja
Sawa. Nilikuwa nimeshakata.
Nilisoma kwamba ufue kabla ya kushona. Sikusoma kwamba ufue kabla ya kukata. Nilikuwa na viraka vya sentimita 13 kwa 13, vimenyooka vizuri, nikaviweka vyote kwenye mashine ya kufulia. Vilipotoka vilikuwa na ndevu pande zote na vimerudi. Vingine 12.5, vingine vimerudi upande mmoja kuliko mwingine, si mraba tena. Nikavilowesha kwa wanga, nikavivuta mpaka 13, nikavibana kwa pini kwenye ubao, nikapiga pasi vikiwa vimevutwa. Na vilikaa! Vimekaa 13 kabisa. Kwa hiyo kuhusu saizi nimeshamaliza, kinachonisumbua ni magamba tu.

Mama Beseni
Uwiii. Mwanangu ulitia viraka vilivyokatwa ndani ya mashine?

Fundi Kimya
Nilijua. Sikiliza. Kitambaa kiwandani kinavutwa, hasa nyuzi za mtande, zile za urefu. Kinakufikia kikiwa bado kimevutwa. Kikikutana na maji nyuzi zinalegea, zinarudi pale zilipotaka kuwa siku zote. Ndiyo maana kimerudi upande mmoja zaidi. Wewe umezivuta tena ukazigandisha kwa wanga. Huo wanga haujarefusha kitambaa, umekishikilia tu. Siku dada yako akilifua blanketi mara ya kwanza, wanga unakwenda na maji, kila kiraka kinarudi 12.5 chake. Nusu sentimita mara viraka vya mstari mmoja, hesabu mwenyewe.

Mshono_Mmoja
Mstari una viraka 8. Lakini vikishashonwa si vinashikana? Mshono utazuia. Halafu kuna watu wanashona vitambaa bila kufua makusudi ili blanketi likifuliwa likunjamane kidogo, wanasema linapendeza, linaonekana la zamani. Nimeona picha nyingi.

Fundi Kimya
Sentimita nne, basi. Hao wanaoshona bila kufua, vitambaa vyao vinarudi pamoja, mikunjo inakuwa sawasawa. Vyako kimoja umekivuta nusu sentimita, jirani yake sijui kiasi gani, mwingine umemvuta kwa mshazari mpaka pembe zimeteguka. Kila kimoja kitarudi kivyake. Utapata blanketi lenye vilima.
Mistari mingapi umeshashona? Usiniambie sifuri.

Mshono_Mmoja
Minne. Kati ya tisa. Nilishona jana usiku wakati mnajibizana kuhusu siki.

Pasi_Moto
Hahahaha, mtu anaomba ushauri huku mguu uko kwenye cherehani.

Mtulivu
Ndugu, haya ndiyo matatizo ya kuahidi mbele ya watu. Mtoto mchanga hajui sentimita. Ungemwambia dada yako ukweli mapema angekuelewa, tatizo ni kiburi chetu.

Mshono_Mmoja
Hujamjua dada yangu.

Mchokonozi
Jamani mimi nimekaa nasoma tangu jana, naomba niulize. Alianza na "vitambaa", vikageuka "viraka". Alisema viko 80. Sasa ni mistari tisa ya viraka nane. Mliosoma hesabu, tisa mara nane ni ngapi? 72. Nane wamekwenda wapi? Picha hakuna hata moja. Mtu mgeni, uzi wake wa kwanza, anavuta viraka 80 kimoja kimoja kwa pini kwa usiku mmoja? Hii ni chai, tena ya rangi ya waridi. Anatuchezesha apate watu wa kumcheka.

Pasi_Moto
Aisee. Kweli hesabu haikubali.

Shangazi wa Uzi
Mimi nilihisi tangu alivyokataa siki.

Mama Beseni
Mwacheni kijana. Lakini kweli, baba, nane ziko wapi?

Babu Kola
Hata mimi hadithi ya suruali hamkuniamini. Ni ya kweli.

Mshono_Mmoja (Jumatano, saa 2:05 usiku)
Nane ziko mbele yangu, kwenye kikopo. Mnataka niwaambie? Haya. Nilipofungua mlango wa mashine sikukuta viraka, nilikuta mpira. Nyuzi zote zilizofumuka kingoni zilikuwa zimejisokota pamoja, nyekundu na nyeupe na bluu, zimefunga viraka katikati kama mayai kwenye kiota. Nilikaa sakafuni na mkasi mdogo wa kucha saa mbili nzima nikikata uzi mmoja mmoja. Vinane vilikuwa vimekazwa kwenye kona mpaka vimechanika, kimoja nilikichana mwenyewe kwa hasira. Kwa hiyo 80 ndiyo nilikata, 72 ndiyo ninazo. Nilipanga mistari kumi, sasa ni tisa. Sikusema mwanzoni kwa sababu nilijua mtaniambia hivihivi mnavyoniambia. Na sikuvivuta usiku mmoja, nimevivuta siku tatu. Vidole vina matundu ya pini.

Pasi_Moto
Mpira wa nyuzi huo ni wa kweli. Huwezi kuutunga. Mimi uliwahi kunipata na vipande vinne tu, ilibaki kidogo nilie.

Mchokonozi
Nafuta kauli. Mkasi wa kucha umenimaliza.

Mama Beseni
Pole baba. Siku nyingine, kitambaa kizima, kabla hujakikata, unapitisha zigizaga kingo zilizokatwa, au unachonga pembe zote nne kidogo kwa mkasi, hakifumuki sana. Vipande vidogo vinaingia mfuko wa wavu au vinafuliwa kwa mkono kwenye beseni, bila kusokota.

Fundi Kimya
Mshono_Mmoja, sitaki uniamini mimi. Chukua mstari mmoja kati ya ile minne. Upime. Uloweke maji ya uvuguvugu nusu saa, usuuze wanga wote utoke, ulaze juu ya taulo bila kuuvuta. Ukikauka, upime tena. Halafu uje utuambie.

Shangazi wa Uzi
Na tone la siki.

Mshono_Mmoja (Alhamisi, saa 1:30 asubuhi)
Ulikuwa sentimita 95 na nusu. Umekauka 91 na nusu. Nimepima mara tatu. Haujanyooka, umejikunja kama nyoka, kiraka cha tatu na cha nne vimebinuka.

Fundi Kimya
Nne kamili. Samahani, ningefurahi zaidi ningekosea.
Sasa fanya hivi. Fumua mistari yote minne, ncha ya wembe au kifumulio, usivute. Loweka viraka vyote 72 wanga utoke, na nyeupe uzitie kwenye ile sabuni. Vikauke vimelala. Halafu tafuta kiraka kidogo kuliko vyote, baada ya kuondoa ndevu. Kama ni 12, vikate vyote 12. Ukitoa mshono wa milimita 6 kila upande, unabaki na 10.8. Mara nane ni sentimita 86, mara tisa ni 97. Mtoto mchanga atalalia mwaka mzima. Wanga mwepesi, kabla ya kukata hiyo 12, na pasi unaikandamiza na kuinyanyua, huisukumi kama unafagia.

Mshono_Mmoja
Jumamosi ni keshokutwa. Na kama nitafumua ile mitatu tu, huu uliorudi niuweke chini kabisa, upande wa miguuni?

Fundi Kimya
Hapana.

Mama Beseni
Hapana, baba.

Mchokonozi
Hata mimi nasema hapana, na mimi sijui kushona.

Mshono_Mmoja (Alhamisi, saa 4:50 usiku)
Nimefumua. Vimelowekwa, maji ya nyeupe yametoka waridi mara mbili, mara ya tatu yakatoka safi. Bado kuna kivuli kwenye viraka vitano, nitavipanga pembeni. Kidogo kuliko vyote ni 11.9, kwa hiyo navikata hivyo. Dada nimempigia, nimemwambia blanketi litachelewa wiki. Ameuliza "blanketi gani?"
Ila wakuu, uzi umefika mbali hivi na hakuna aliyenijibu. Pasi bado ina magamba.

Pasi_Moto
Lo! Kweli.
Izime, chomoa, iache ipoe ibaki vuguvugu. Kunja kitambaa chenye maji, kilaze juu ya uso wa pasi dakika kumi. Wanga unalainika kwa maji, ukifuta unatoka kama ngozi. Palipobaki, sugua kwa magadi soda yaliyokorogwa na maji kidogo. Usikwangue kwa kisu.

Mshono_Mmoja
Nilishakwangua kwa kisu Jumatatu.